Nani Apishwe Barabarani?

Mjamzito wa Mutuka, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, akishikwa na uchungu usiku na zahanati ikaona hali yake imeizidi uwezo, namba ya kupiga ni 115. Simu hiyo ni ya bure. Inapokewa na mratibu wa mfumo wa m-mama, ambaye huuliza dalili, huangalia ni kituo gani kinaweza kumpokea mgonjwa, kisha hutafuta gari. Gari la wagonjwa likiwa karibu, litakuja na king'ora chake. Lisipokuwapo, huitwa dereva jamii: mwenye teksi au gari lake dogo, aliyesajiliwa na kufundishwa kazi hiyo, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Gari lake halina king'ora wala kimulimuli. Kwa dereva wa Fuso aliye mbele yake, hilo ni gari dogo linalokimbia usiku kama magari madogo mengine yote.

Swali la kupisha magari ya dharura huwa gumu kuanzia hapo. Kanuni tunayofundishwa haina utata: ukisikia king'ora na kuona taa zinazomulika, sogea kushoto, simama ikibidi, acha lipite. Ila kanuni hiyo inachukulia kuwa dereva atasikia mapema, atakuwa na mahali pa kusogea, ataamini kwamba kinacholia nyuma yake ni dharura kweli, na kwamba kila dharura ina king'ora. Katika barabara zetu, mambo yote manne yana walakini. Mawili ya kwanza yanahitaji ujuzi wa udereva na barabara bora. Mawili ya mwisho yanahitaji uamuzi wa mamlaka, na ndiyo yaliyosahaulika zaidi.

Kanuni inasemaje

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi duniani hufuata mkondo wake, unaligusa jambo hili katika ibara ya 34. Kila mtumiaji wa barabara anayeonywa kwa taa na sauti maalumu kwamba gari la dharura linakuja anatakiwa kuliachia nafasi na, ikibidi, kusimama. Ibara hiyo hiyo inaruhusu nchi kuwasamehe madereva wa magari hayo baadhi ya masharti ya barabarani, ila kwa sharti kwamba wawe wamewasha taa na king'ora, na wasiwahatarishe watu wengine.

Masharti hayo mawili yana uzito. Msamaha anaopewa dereva wa gari la wagonjwa au la zimamoto unatokana na kazi anayoifanya wakati huo. Gari la wagonjwa linalorudi tupu kituoni, au lililotumwa kuchukua vifaa, halina haki yoyote zaidi ya ile ya kosta ya abiria. Na hata likiwa na mgonjwa, kwenye taa nyekundu dereva wake haruhusiwi kuingia makutano akiwa amefumba macho. Anatakiwa apunguze mwendo, ahakikishe ameonekana, kisha apite.

Kwa dereva wa kawaida wa Tanzania, nchi ambayo Sheria yake ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973 na inamtaka kila mtu aendeshe upande wa kushoto, hatua za kufuata ni chache. Tazama vioo ujue sauti inatoka wapi. Washa indiketa ya kushoto ili dereva wa nyuma ajue umemsikia na unakusudia nini. Punguza mwendo taratibu, sogea pembeni, simama. Kabla ya kurudi barabarani tazama tena nyuma, kwa sababu magari ya zimamoto na ya polisi mara nyingi huongozana, na la pili huwakuta watu wameshaanza kurudi katikati.

Makosa ya wengi hutokea katika hatua ya tatu. Dereva akishtuka hukanyaga breki palepale alipo, hata kama ni kwenye kona, kwenye daraja jembamba au kileleni mwa mwinuko. Hapo atakuwa ameziba njia badala ya kuifungua, maana gari la wagonjwa litalazimika kuingia upande wa pili bila kuona kinachokuja. Mwongozo wa madereva wa Uingereza, nchi ambayo nayo huendesha kushoto, unaonya waziwazi dhidi ya kusimama mahali pa namna hiyo. Kilicho sahihi ni kuendelea kwa mwendo wa kawaida hadi sehemu iliyonyooka na yenye upana, kisha ndipo upishe. Kwenye kipilefti mantiki ni hiyo hiyo: ukiwa umeshaingia, maliza, toka, simama mbele. Anayesimama ndani ya kipilefti huwafungia njia wote, akiwamo yule anayetaka kumpisha.

Madereva wanaotoka upande wa pili nao wanahusika. Barabara yetu kuu ya kawaida ina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Gari la wagonjwa haliwezi kulipita lori bila kuingia upande wa anayekuja. Kwa hiyo anayekutana nalo uso kwa uso anatakiwa kupunguza mwendo na kubana kushoto kwake mapema. Akiendelea kukimbia kwa kuwa "upande huu ni wangu", basi kupisha kwa lori kule mbele hakutakuwa na maana.

Sekunde saba

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na gari la wagonjwa linalifuata kwa kilomita 110. Tofauti ya mwendo ni kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kila sekunde. Dereva wa lori akiusikia mlio gari likiwa mita 100 nyuma yake, ana sekunde saba za kutambua, kutazama kioo, kuwasha indiketa na kusogea. Kama madirisha yamefungwa, muziki uko juu na injini inaunguruma kwenye mlima, huenda akausikia likiwa mita 40 tu. Hapo zinabaki chini ya sekunde tatu.

Ndiyo maana magari ya dharura hayategemei sauti peke yake. Ukitazama boneti ya gari la wagonjwa, neno la kulitambulisha limeandikwa kinyumenyume, herufi zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Anayelitazama akiwa amesimama kando ya barabara huona ni makosa ya mchoraji. Anayelitazama kupitia kioo cha ndani ya gari lake husoma neno kamili, lililonyooka. Boneti imeandikwa kwa ajili ya huyo wa mbele, aliye na sekunde saba. Dereva asiyekuwa na mazoea ya kutupia jicho kwenye vioo kila baada ya muda mfupi hafaidiki na maandishi hayo wala na taa.

Gari la zimamoto lina ugumu wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi la lita 5,000 ni tani tano za maji tu, kabla ya kuhesabu gari lenyewe, mipira, ngazi na askari. Tangi lisipojaa, maji huyumba ndani na kulisukuma gari likikata kona au likifunga breki ghafla. Anayejipenyeza mbele ya gari la zimamoto akitarajia kwamba litasimama kama teksi anajihatarisha mwenyewe, na pia anawahatarisha wanaosubiri maji kule nyumba inakoungua.

Kuna na wale wanaogeuza dharura kuwa nafasi. Gari la wagonjwa likipasua foleni, nyuma yake hufuatana msururu wa pikipiki na magari madogo yanayotumia upenyo huo. Huko California nchini Marekani sheria inakataza kufuata gari la dharura lililowasha king'ora kwa umbali usiofika futi 300, yaani kama mita 90. Sababu yake ni ya wazi: dereva wa mbele akifunga breki kwa ajili ya mtoto anayevuka, wa nyuma anagonga mlango wa nyuma, pale alipolazwa mgonjwa.

Barabara zinazokutana Babati

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na ni mahali barabara kuu zinapokutana: ya Arusha, ya Singida kupitia Katesh, na ya Dodoma kupitia Kondoa. Hii ya mwisho, ya kilomita 251, ilizinduliwa kwa lami Aprili 2018 na Rais John Magufuli. Lami iliondoa adha ya matope iliyokuwa ikikwamisha magari kila masika. Ilileta pia malori na mabasi ya masafa marefu kupita katikati ya mji ambao bajaji, bodaboda, mikokoteni na watoto wa shule hutumia barabara hiyo hiyo.

Chukua safari ya rufaa. Mgonjwa aliyefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara akionekana anahitaji mabingwa zaidi, anaweza kupelekwa KCMC, hospitali ya kanda iliyoko Moshi. Ni kilomita zipatazo 170 hadi Arusha, kisha nyingine kama 80. Hapo katikati barabara inabadilika tabia. Kutoka Babati hadi Minjingu na Makuyuni imenyooka, mabasi hukimbia, na eneo la Kwakuchinja ni njia ya wanyamapori kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Vijijini ng'ombe wanavukishwa na mchungaji mmoja mwenye fimbo. King'ora kwao si amri, na pengine kitawatawanya barabarani kuliko kuwaondoa. Kuingia Arusha shida inageuka kuwa foleni, ingawa barabara ya mchepuko na ile ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru zimepunguza mateso. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa, kwa safari moja, anahitaji kupishwa na basi linalokimbia, na mchungaji, na daladala iliyosimama kushusha abiria. Kila mmoja kati yao ana mazoea yake.

Matuta nayo hayana budi kutajwa. Yamewekwa kwa sababu nzuri, kwa kuwa magari yasingepunguza mwendo penye shule na masoko bila hayo. Lakini kwa mtu aliyevunjika nyonga, au mama anayevuja damu huku muuguzi amesimama akishikilia dripu kwa mkono mmoja na bomba la dari kwa mkono mwingine, kila tuta ni pigo. Dereva wa gari la wagonjwa hulazimika kupunguza karibu hadi kusimama. Anayelifuata kwa karibu na kumpigia honi hapo hajui kinachoendelea ndani.

Pembeni mwa lami ndipo penye tatizo kubwa. Kupisha kunahitaji bega la barabara lililo tambarare na gumu. Sehemu nyingi bega limeliwa na mvua, au limekaliwa na wauza mboga, au bodaboda wamelifanya kijiwe. Dereva wa lori lenye tela anayeona ukingo wa lami umeng'oka na kuacha shimo la kimo cha goti hatathubutu kushuka, na hana kosa. Ukaguzi wa mabega ya barabara si habari ya kupigiwa picha kama uzinduzi wa lami, lakini ndio unaoamua kama kanuni ya kupisha inatekelezeka.

Desemba 3, 2023 Manyara ilijaribiwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Barabara kuu ya Babati hadi Singida, inayopita Katesh, ilijaa tope. Majeruhi walitibiwa Hospitali ya Tumaini pale Katesh, na wengine wakapelekwa Babati. Kwa siku kadhaa barabara hiyo moja ikabeba magari ya wagonjwa, magari ya jeshi, mitambo ya kuzoa tope, malori ya misaada, waandishi wa habari na misafara ya viongozi, akiwamo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliyekatisha safari yake ya Dubai.

Katika hali ya namna hiyo kanuni ya darasani haitoshi. Inamwambia raia ampishe mwenye king'ora, lakini haimwambii mwenye king'ora ampishe nani anapokutana na mwenye king'ora mwenzake. Katapila linaloelekea kufukua nyumba iliyofunikwa na gari linalotoka na majeruhi vyote vina haki. Jibu hupatikana kwa askari aliyesimama njia panda akiwa na redio mkononi, anayejua nani anatoka na nani anaingia. Trafiki ndiye anayetakiwa kufika mapema kwenye majanga makubwa.

Ving'ora vya kununua dukani

Tuje sasa kwenye imani. Dereva hupisha kwa sababu anaamini kwamba nyuma yake kuna roho ya mtu. Imani hiyo inaliwa kila siku na magari ambayo hayana mgonjwa, hayana moto wa kuzima, wala hayamkimbizi mhalifu. Vimulimuli vya buluu na nyekundu vinauzwa madukani pamoja na vipuri vingine. Ving'ora vidogo vinafungwa chini ya boneti kwa muda wa kunywa chai. Mwenye gari la kifahari aliyechelewa kikaoni huwasha, foleni hupasuka, na waliopisha wakigundua ni nani aliyepita hujiahidi kwamba safari ijayo hawatasogea.

Kikosi cha Usalama Barabarani kimetoa makatazo, na mara kwa mara hufanya operesheni za kung'oa vifaa hivyo kwenye magari ya watu binafsi na ya taasisi zisizoruhusiwa. Operesheni zina msimu. Zikipita, vifaa hurudi. Faini ya kawaida ya makosa ya barabarani ni shilingi 30,000, na kwa mtu aliyeweza kununua gari la mamilioni hiyo ni gharama ya kuwahi kikao.

Hata magari halali yamewahi kuchafua jina lake. Tarime, mkoani Mara, gari la wagonjwa limewahi kukamatwa likiwa na shehena ya mirungi. Tukio moja kama hilo, likisambaa kwenye simu za watu, humpa kila dereva mkaidi hoja ya kutopisha: ajuaje kama hili nalo si la mirungi? Hoja hiyo haina msingi, kwa sababu gari moja la mhalifu halifuti maelfu ya safari za wagonjwa, lakini barabarani uamuzi hufanywa kwa sekunde saba na hoja dhaifu hutosha.

Misafara ya viongozi inahitaji kutenganishwa na suala hili. Msafara wa kiongozi mkuu wa nchi hupishwa kwa sababu za ulinzi, na kila nchi ina utaratibu wake. Malalamiko ya wananchi wa Tanzania, Kenya na Uganda huwa juu ya ngazi za chini: ofisa ambaye hayumo kwenye orodha ya wanaopewa msafara lakini anatembea na gari la kumsafishia njia. Kila msafara wa aina hiyo huwafundisha madereva kwamba king'ora ni cheo. Na barabara ikiwa imefungwa kwa ajili ya msafara halali, gari la wagonjwa likitokea nyuma ya foleni lipitishwe. Askari anayesimamia makutano apewe maelekezo hayo kabla, asiachiwe kuamua kwa hofu ya wakubwa.

Wenzetu wanatumia mfuko wa dereva kulinda heshima ya king'ora. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Waswahili wengi wanaishi na kuendesha magari, kutopisha gari la dharura kunagharimu dirhamu 3,000, ambazo ni kama shilingi milioni mbili za Tanzania, pamoja na pointi sita na gari kuzuiwa siku 30. Ujerumani madereva kwenye barabara kuu hutakiwa kufungua uchochoro katikati mara tu foleni inapoanza kwenda polepole, hata kabla ya kusikia king'ora. Asiyefanya hivyo hupigwa faini inayoanzia euro 200 na kunyimwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Adhabu hizo zinakubalika kwa raia kwa sababu moja: anapopisha, ana hakika anampisha nani. Kupandisha faini ya kutopisha hapa kwetu kabla ya kusafisha ving'ora bandia kutakuwa ni kumwadhibu dereva kwa shaka ambayo ameijenga kwa kuona.

Wagonjwa wasio na king'ora

Walakini wa nne hauzungumzwi sana, na ndio unaorudi Mutuka. Idadi kubwa ya majeruhi na wagonjwa wa Tanzania hufika hospitali bila gari la wagonjwa. Huletwa na bajaji, bodaboda, teksi, gari la polisi au la msamaria aliyekuwa akipita. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, na kuua watu 35, watatu kati ya watoto waliokuwamo waliokolewa kwa msaada wa wageni wa Kimarekani waliokuwa wakipita barabara hiyo. Huduma ya dharura kabla ya hospitali bado ni changa nchini; idara kamili ya kwanza ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu.

M-mama imejaribu kuuweka usamaria huo kwenye mfumo. Ilianzia mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga, na Rais Samia akazindua upanuzi wake wa kitaifa Aprili 2022. Haja yake inaonekana kwenye takwimu za taifa: vifo vya wajawazito vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa afya wa 2015–16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Usafiri ni sababu moja tu kati ya nyingi za mabadiliko hayo, lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na saa mbili hizo mara nyingi huishia barabarani.

Sasa mtazame dereva jamii akiwa kazini. Gari lina namba nyeupe za biashara kama teksi nyingine. Ndani yupo mama, muuguzi na ndugu mmoja. Dereva amewasha hazadi na taa kubwa mchana kweupe, anapiga honi, na ndugu ametoa mkono dirishani akipunga kitambaa. Kila Mtanzania anaielewa lugha hiyo: tuna mgonjwa. Wengi hupisha. Lakini wanapisha kwa hisani, maana kwa kanuni gari lile si la dharura. Trafiki aliyesimama na tochi anaweza kulisimamisha kwa mwendo kasi, na atakuwa sahihi. Aliye nyuma anaweza kudhani ni fujo za harusi.

Wapo wanaosema wapewe ving'ora. Itakuwa makosa, kwa sababu itaongeza kile kile kilichotufikisha hapa. Kuna mfano bora zaidi. Katika jimbo la New York, wazima moto wa kujitolea huweka taa ya buluu kwenye magari yao binafsi, na wahudumu wa kujitolea wa magari ya wagonjwa huweka ya kijani. Taa hizo ni ombi tu. Hazimpi mwenye gari ruhusa ya kuzidisha mwendo wala kupita taa nyekundu. Zinawaambia wengine kwamba huyu yuko kazini, msaidieni kama mnaweza. Taa ya aina moja, ya kubandikwa juu ya gari kwa safari ya 115 peke yake na kuondolewa baada ya hapo, ingeweza kumtambulisha dereva jamii bila kumpa mamlaka. Mratibu anajua kila safari ilipoanza na inakokwenda, kwa hiyo polisi wakitilia shaka wanaweza kuthibitisha kwa simu moja. Bodaboda mkorofi atakayeinunua taa hiyo mtaani angejulikana kwa simu hiyo hiyo.

Kasi haiokoi peke yake

Upo upande mwingine ambao mjadala wa kupisha huusahau: dereva wa gari la dharura naye anaweza kuua. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba magari ya wagonjwa yanayowasha taa na king'ora wakati yamebeba mgonjwa hupata ajali kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya yale yasiyowasha. Mgonjwa, muuguzi na ndugu nyuma mara nyingi hawajafunga mkanda. Muuguzi anayejaribu kukandamiza kifua cha mgonjwa hawezi kufanya hivyo gari likiyumba kila mita 50.

Kwa sababu hiyo kazi ya kupisha inapaswa kueleweka vizuri na pande zote. Barabara ikifunguka mapema, dereva wa gari la wagonjwa hana haja ya kukimbia hadi kuhatarisha. Anakwenda kwa mwendo mmoja, bila breki za ghafla, na muuguzi anafanya kazi yake. Kinachookoa muda zaidi ni kutosimama ovyo kuliko kufika kilomita 140 kwa saa kwenye barabara ya njia mbili yenye ng'ombe.

Kwa dereva, basi, yanayotakiwa yako ndani ya uwezo wake leo: kushusha muziki, kutazama vioo, kuwasha indiketa ya kushoto, kusogea mahali panapopitika, kutofuata nyuma ya aliyepishwa. Kwa mamlaka, mpangilio wa kazi ndio wenye maana. Kwanza ving'ora na vimulimuli visivyo halali viondolewe barabarani, vikianzia kwenye magari ya taasisi na ya wenye vyeo, na operesheni isiwe ya msimu. Pili, mabega ya barabara kuu zinazopita kwenye miji kama Babati yasafishwe na kujazwa. Tatu, safari za 115 zipewe alama moja ya taifa inayotambulika na kila trafiki. Hayo yakishafanyika ndipo faini ya kutopisha ipandishwe, ipandishwe sana, na asilalamike mtu.